Nilichagua Rangi za Wadudu Kama Ninachagua Sare

Nimekosa, wenzangu, na kosa langu si la kumsingizia shetani. Shetani siku ile hakuwepo kazini. Nilikuwepo mimi na kitenge changu.

Mhariri, nivumilie mwandiko. Niliishia darasa la nne kwa Mwalimu Onesmo, ambaye aliniambia nina kichwa cha kuhifadhi majina tu, mengine yote yanamwagika. Alisema kweli. Mmetaka tubadili majina, nimebadili, na hata haya ya uongo nimeshayakariri. Mimi niiteni Mama Koletha.

Nilikuwa mhudumu wa maabara katika hospitali moja hapa Sumbawanga. Kupokea vikopo vya makohozi, kuosha slaidi, kupiga deki, kuchemsha chai. Ndiyo kazi hiyo. Lakini niliifanya miaka mingi mpaka nikaiona maabara kama jiko langu. Wataalamu walikuja wakahamishwa, wakaja wengine, mimi nipo tu. Hakuna aliyesogeza kiti mle ndani bila kunitazama usoni kwanza.

Kiburi, jamani! Kiburi cha mtu mwenye ndoo na tambara!

Ilikuwa miaka ile ya ruksa kuelekea vyama vingi. Mliokuwepo mnakumbuka. Sisi tuliotoka kwenye foleni, tuliovaa kitambaa cha aina moja kijiji kizima kama wafungwa, ghafla tukaona mitumba imemwagwa sokoni, vitenge vinaingia kutoka Zambia, na runinga ya rangi imewekwa kwenye duka la Bwana Silvesta. Watu wazima na akili zao waliacha kupalilia, wakaenda kusimama dukani kuangalia mpira bila kujua nani anacheza na nani. Walifuata nini? Kijani cha majani! Majani hayohayo waliyoyaacha shambani!

Nami nilisimama pale. Sikatai.

Lakini miaka hiyohiyo mashirika yalikuwa yanauzwa na watu wanapunguzwa kazini. Hata hospitalini kwetu kulikuwa na orodha iliyosemwa ipo, ila hakuna aliyeiona. Kila mfanyakazi alitembea kwa tahadhari kama kuku aliyeona mgeni ameingia nyumbani. Hilo lishikeni, ndilo lililomfunga mdomo Deo.

Deogratias alikuwa mtaalamu wetu wa maabara. Kijana mpole, baba wa watoto watatu, mzaliwa wa Mollo. Kwenye hadubini ya zamani alikuwa hodari. Wadudu wa kifua kikuu walionekana wekundu kwenye rangi ya bluu, na Deo aliwaokota kwa macho kama mtu anayechambua maharage. Mkubwa wake, Sista Redempta, alikuwa ameenda masomoni Dar es Salaam. Kwa hiyo maabara ilibaki na Deo, na mimi mwenye nyumba.

Siku moja ikaletwa mashine mpya. Ililetwa na Daktari Yohani, mzungu mrefu, Kiswahili chake cha kitabuni kabisa. Alinisalimia, "Shikamoo, mama mpendwa," nikacheka mpaka nikashika meza. Ilikuwa hadubini yenye taa maalumu, na kamera juu yake, na waya unaokwenda kwenye kompyuta. Makohozi yanatiwa dawa, wadudu wakipigwa na ile taa wanawaka wenyewe kama vimulimuli. Dawa nyingine inawasha seli za mtu na takataka zilizowazunguka. Kamera inapiga picha mbili, moja ya wadudu, moja ya hivyo vingine, halafu kompyuta inazipandisha moja juu ya nyingine kwenye skrini.

"Sasa," akasema Daktari Yohani, "kamera hii yenyewe haioni rangi. Inaona mwanga tu. Rangi tunazipaka sisi. Lazima tuiambie kompyuta rangi za kuanzia, zile zitakazotokea zenyewe kila ikiwashwa. Mkisema nyeupe, itakuwa nyeupe. Mkisema zambarau, zambarau. Mimi ninaondoka Jumamosi. Watakaotazama ni ninyi, basi chagueni ninyi."

Mganga mfawidhi, Daktari Faustini, alikuwa amesimama mlangoni na mhasibu. Akaangalia saa.

"Mambo ya rangi hayo ya kina mama," akasema. "Mama Koletha, si wewe unayetuchagulia sare ya Mei Mosi kila mwaka? Chagua twende."

Hapo ndipo nilipopotea!

Mnajua sare zinavyochaguliwa kwetu. Sherehe ikija, mama mmoja mwenye umri anaenda dukani, anarudi na kipande cha kitambaa, anakiweka mezani na kusema, ni hiki. Wengine wanasema kizuri. Hata kama mtu rangi ile inamfanya aonekane amekufa jana, anasema kizuri, anakwenda kwa fundi. Kumbishia mama aliyechagua sare ni kama kumwambia kwamba chakula chake hakina chumvi mbele ya wageni. Na mimi sijawahi kubishiwa sare maisha yangu yote.

Deo akakohoa kidogo. "Mimi naomba wadudu wawe weupe juu ya weusi," akasema. "Ile picha nyingine iwe bluu hafifu, au isiwepo kabisa."

"Weupe!" nikaruka. "Deo, mashine imevuka bahari, imeteseka barabarani kutoka Tunduma mpaka huku, ije ituoneshe nyeupe na nyeusi? Si tungeketi tutazame unga na mkaa!"

Wakacheka. Mhasibu alicheka zaidi, maana na yeye alikuwa anaiogopa ile orodha.

"Ni macho tu, mama. Rangi nyingi zinachosha macho."

"Macho ya nani? Wewe uliyevaa shati la chungwa na suruali ya kijani ndiye wa kutufundisha rangi? Mkeo alikuwa wapi ulipokuwa unatoka?"

Kicheko kikapanda! Hata Daktari Yohani alicheka, baada ya kufikiri kidogo. Deo akainama akalitazama shati lake. Alilitazama kama mtu anayeambiwa habari mpya. Nililiona jambo hilo kwa macho yangu haya, nikadhani ni aibu.

Nikashika pindo la kitenge changu, kile nilichokinunua Mbala, ng'ambo ya mpaka, kwa Mama Nakamba, chekundu chenye majani ya kijani. Nikalinyanyua mbele yao.

"Hizi hapa. Wadudu wekundu kama moto. Vingine vyote kijani kama shamba la maharage. Mtu yeyote ataona."

Mtu yeyote! Ole wangu!

Daktari Faustini akauliza jambo moja tu, kwa sauti ya chini. Aliuliza kama kijani kitakuwa upande mzuri au upande wa ugonjwa. Maana miaka ile kila rangi ilikuwa na wenyewe, na mtu alikuwa anaweza kuulizwa. Nikamwambia kijani ni upande wa mwili wa mtu, upande wa uzima. Akapumua. "Basi imepita."

Daktari Yohani ndiye pekee aliyesita. "Wapo watu wachache," akasema, "ambao nyekundu na kijani kwao zinafanana."

"Labda huko kwenu kwenye baridi," nikamjibu. Mimi huyo! Nikiwa nimevaa sweta mbili, hapa hapa Sumbawanga! Kisha nikawageukia watu. "Kuna mtu humu haoni nyekundu?"

Kimya. Nani ajitokeze? Mtaalamu wa maabara aseme mbele ya mganga mfawidhi kwamba macho yake yana kasoro, wakati orodha ya kupunguzwa inatafuta majina? Deo alinyamaza. Nikachukulia kimya chake kuwa kura.

Jumamosi Daktari Yohani akaondoka. Tukabaki na mashine yetu.

Siku za mwanzo nilimwona Deo akisogeza uso mpaka pua inakaribia kugusa skrini. Slaidi iliyomchukua dakika chache zamani, sasa anaitazama mpaka chai inapoa. Asubuhi moja nikaingia na deki nikakuta skrini imekuwa nyeupe na nyeusi.

"Nani ameua rangi?"

"Nimejaribu tu, mama. Hivi ndivyo ninavyoona vizuri."

"Rudisha."

"Mama, ni kubonyeza tu, haiharibu kitu."

"Deo! Nimesema rudisha. Unataka Daktari Faustini aambiwe kwamba unachezea mashine ya watu?"

Akarudisha. Alinirudishia rangi zangu, mtu aliyesoma chuo, kwa amri ya mpiga deki! Nami sikuridhika. Nilichukua karatasi, nikaandika kwa herufi kubwa, RANGI ZISIGUSWE. KWA AMRI. Nikaibandika juu ya skrini kwa plasta ya vidonda. Amri ya nani? Hakuna aliyeuliza. Ilikuwa ya kwangu.

Watu wa mbali wakisikia Sumbawanga wanafikiri uchawi. Kumbe sisi uchawi wetu tulikuwa tumeuwasha kwenye umeme, na mchawi alikuwa anapokea mshahara na posho ya sabuni.

Sasa nije kwa Mwandu.

Mwandu ni mume wa binti yangu Koletha. Kwao ni Shinyanga, walishuka na ng'ombe wao wakahamia Ilemba, huko bondeni. Sikumtaka. Nilikuwa nimemchagulia Koletha mtoto wa katekista, kijana anayenukia sabuni. Akaniletea mtu anayenukia moshi na maziwa, ambaye akinisalimia anatazama chini na kuniita "mayu", yaani mama kwa Kisukuma chao. Ng'ombe wa mahari nilipokea. Yeye mwenyewe nilimpokea nusu.

Akaja na kikohozi cha wiki nyingi. Amekonda, kola ya shati inamzunguka kama kamba ya ndoo. Koletha akaniambia, "Mama, msaidie apimwe haraka, wewe ni mtu wa hapa." Nikapeleka vikopo vyake vitatu maabara kwa mkono wangu. Deo akasoma. Vyote vitatu akaandika, hakuna wadudu walioonekana.

Karatasi nikampelekea Koletha mimi mwenyewe, nikasema kwa sauti ili mumewe aliyekaa pembeni asikie, "Mwambie mwenzio apunguze kiko na alale mbali na moshi wa ng'ombe. Anatuchosha hospitali kwa kikohozi cha uvivu."

Mwandu akanyanyuka, akainama. "Wabeja, mayu," akasema. Alinishukuru!

Wakarudi Ilemba. Ikapita miezi. Habari zilizokuja zilikuwa kwamba hawezi tena kufuata ng'ombe, mara anatoka jasho, mara ndugu zake wanasema amerogwa na upande wa mke. Nilikasirika sana kwa hilo. Nikasema Wasukuma bwana! Wanakohoa wenyewe, halafu wanatusingizia sisi.

Kisha dereva Sixbert akawapandisha mlimani kwa lori la mahindi. Mwandu alikuwa amelala juu ya magunia, na kitambaa mdomoni chenye damu. Na Koletha wangu, aliyemshika kichwa njia nzima, alikuwa anakohoa pia.

Wiki hiyo Sista Redempta alikuwa amerudi kutoka masomoni. Akaingia maabara, akamkuta Deo mbele ya skrini na slaidi mpya ya Mwandu, kalamu iko tayari kuandika.

"Unaandika nini, Deo?"

"Hakuna wadudu, Sista."

"Hakuna? Na hivi vyekundu vyote hivi ni nini?"

"Vyekundu viko wapi, Sista?"

Sista akagusa skrini kwa kidole. Hapa. Na hapa. Na hapa. "Deo, mwanangu, unaona rangi gani hapa?"

Deo akasogeza uso kwenye skrini. "Naona udongo tu, Sista," akasema. "Yote udongo."

Picha za zamani zilikuwa zimehifadhiwa mle ndani pamoja na majina ya wagonjwa. Sista akafungua zile tatu za Mwandu za miezi ile. Zikatokea na rangi zangu, moja baada ya nyingine. Wadudu walikuwepo toka kikopo cha kwanza! Wekundu, wamelala juu ya kijani, wanang'aa.

Akafungua na za watu wengine. Wanne wengine waliitwa wakarudi. Majina yao nayajua yote, lakini wao hawakuniomba niwaandike.

Mwandu na Koletha wakalazwa, wakaanza sindano na vidonge. Miezi minane ya dawa! Walipona. Ila Mwandu pafu moja halikurudi. Akitembea kutoka mlangoni mpaka kisimani anasimama mara mbili. Mtu aliyekuwa anafuata ng'ombe kutwa bondeni leo anakaa Mollo kwenye robo eka ya mahindi, na ng'ombe wanachungwa na nduguye.

Kikao kikaitishwa. Daktari Faustini akauliza, "Hizi rangi nani aliziweka? Na kile kibandiko ni cha nani?" Nilikuwa nimeshakibandua asubuhi, kiko mfukoni kwangu, plasta inanishika vidole. Watu wote wakatazama sakafu niliyoipiga deki mwenyewe.

Deo akasema, "Tulichagua wote, Daktari. Kosa ni langu, nilipaswa kusema macho yangu yalivyo."

Tulichagua wote! Angetaka angenitaja. Mimi nilikuwa nimekaa pale na kitenge kilekile, nikasubiri mwingine aongee. Mwanamke nisiyekosa neno! Siku ya kuchagua rangi nilikuwa na maneno ya kutosha kanisa zima, siku ya kuyajibia nikageuka bubu.

Orodha ilipotoka, jina la Deo lilikuwa la kwanza. La kwangu halikuwemo. Akaenda Kipili, kule ziwani, na mke na watoto, nikasikia anapakia dagaa kwenye maboti. Nilipokutana naye stendi siku anaondoka alinipokea kikapu. "Shikamoo, mama." Nikaitikia marahaba. Basi!

Mpaka hapa mtasema, maskini bibi, alikosea kwa ujinga, hajasoma. Subirini. Bado sijaungama.

Koletha alipopata nguvu aliniuliza wodini. Alikuwa ameshasimuliwa na Sista habari za picha. "Mama, nawe ulikuwa mle ndani siku ile wanapima. Uliziona hizo nyekundu?"

Nikasema, "Sikuziona, mwanangu."

Niliziona!

Asubuhi ile ya kikopo cha kwanza nilipita nyuma ya Deo na tambara. Picha ya Mwandu ilikuwa wazi. Juu ya kijani kulikuwa na vijiti vyekundu, vingine peke yake, vingine vimekusanyika kama kuni. Nikasema kwa sauti, "Zinapendeza!" Deo akageuka haraka. Aligeuka kama mtu aliyekuwa anangoja kuitwa.

"Mama, wewe unaona nini hapo? Hebu nioneshe kwa kidole."

Aliniuliza! Alikuwa ananiomba macho. Na mimi nilijua nyekundu ni nini, si niliichagua mwenyewe?

Lakini nikafikiri haraka. Miaka ile ukisema mtu ana kifua kikuu, watu wanamaliza wenyewe, wanasema ana ule mwingine usio na dawa. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kina mama kigangoni, kanisani kwetu. Nikawaona kichwani wenzangu wakinong'ona kwenye benchi, mkwe wa Mama Koletha, mliona alivyokonda? Nikajiambia, kama mtaalamu haoni, mimi nani? Nikaona ni nafuu karatasi iandikwe safi.

Nikamjibu, "Mimi mpiga deki, Deo. Mtaalamu ni wewe."

Nikaendelea kufuta meza. Akageuka, akaandika.

Hilo ndilo ungamo langu. Rangi zilikuwa ujinga na majivuno, na kwa hizo mngeweza kunicheka tukaishia hapo. Lile jibu halikuwa ujinga.

Na adhabu yangu ni hii: Koletha ananipenda! Kila Jumapili analeta maziwa na unga wa ulezi, anawaambia majirani, "Mama ndiye aliyetupigania hospitali, bila yeye tungezikwa." Majirani wanatikisa vichwa, wanasema umebarikiwa, Mama Koletha. Mimi naitikia. Yale maziwa nanywa, chombo namrudishia kimeoshwa.

Wenzangu, na hasa nyinyi mnaopenda kuchagulia watu. Ukipewa kuchagua rangi ya kitu, mwite kwanza yule atakayekitazama kila siku, umkalishe, umuulize peke yake pasipo watu wa kucheka. Akisema anataka nyeupe, mpe nyeupe, hata kama inafanana na unga. Na ukiulizwa unaona nini, sema ulichokiona, ushike kalamu au ushike tambara. Aibu ya kigango inaisha wiki mbili. Pafu haliishi kukosekana.

Nimelichagua gazeti hili kwa sababu. Mwandu hulinunua kila wiki akija sokoni, na jioni humsomea Koletha anapopika, maana Koletha anasema habari zinanoga zikisomwa na mumewe. Kwa hiyo binti yangu atayasikia haya kwa mdomo wa mtu yuleyule niliyemficha.

Mwandu, baba, najua umeshanitambua, na najua sasa umenyamaza na Koletha anakuuliza mbona umeacha. Usiliruke hata neno moja. Pumzi ikikata, pumzika kidogo, halafu umsomee mpaka mwisho.